Tulimwadhinia Sikioni, Hatukuuliza Kama Anasikia



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Wapenzi wasomaji wa ukurasa huu wa familia, wiki hii tunaanza na jambo linalotuaibisha sisi wenyewe, yaani kamati ya msikiti na walimu wa madrasa yetu hapa Matombo. Tunalieleza kwa sababu tunaamini kwamba halikutokea kwetu peke yetu.

Katika madrasa yetu yupo kijana wa miaka tisa, anayelelewa na bibi yake mzaa mama. Aliandikishwa akiwa na miaka saba. Wenzake walioanza naye walikwishavuka herufi na kuingia katika sura fupi, ilhali yeye alibaki pale pale. Akiitwa haitiki. Akiulizwa swali, huutazama mdomo wa mwalimu, kisha hutabasamu. Mwalimu akamhesabu kuwa mkaidi, akamhamishia safu ya nyuma karibu na mlango ili asiwakwamishe wenzake. Fimbo nayo ilimgusa, tunakiri. Watoto wakampachika jina la "Bubu", na sisi watu wazima tukalisikia jina hilo kila siku baada ya Alasiri, tukanyamaza.

Siku moja tulikwenda madrasani kukagua daftari la mahudhurio. Tukiwa nyuma ya kijana huyo, hatua mbili tu, tulimwita kwa jina lake halisi, kwa sauti ya kawaida. Watoto wa safu ya mbele kabisa waligeuka. Yeye hakugeuka. Tulipomgusa bega alishtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Tulipoinama kumtazama, tuliona usaha uliokaukia chini ya sikio lake, na harufu yake ilitosha kutujulisha kwamba haukuwa wa siku moja.

Jioni ile tulikwenda kwa bibi yake. Baada ya shikamoo na kujuliana hali, tulimuuliza juu ya masikio ya mjukuu wake.

"Hayo yanatoka maji tangu alipokuwa anaota meno, maalim," alituambia. "Niliambiwa yataacha yenyewe akikua."

"Na kusikia je, bibi? Anasikia?"

"Anasikia anapotaka."

Kisha akatusimulia kwa furaha jinsi marehemu babu yake alivyompokea mtoto huyo siku aliyozaliwa, akamwadhinia katika sikio la kulia. Tuliondoka pale tukiwa na fikra moja iliyotunyima raha. Neno la kwanza la dini lilipitishwa katika sikio la mtoto huyu, na kwa miaka tisa hakuna hata mmoja wetu, si ndugu, si mwalimu, si kamati, aliyeuliza kama sikio hilo linasikia.

Jina lililofunga mlango

Tulipotafakari tuligundua kwamba hatukukosa huruma, bali tulikosa jina sahihi. Tulikuwa na maneno mawili tu: "mkaidi" na "bubu". La kwanza linaita fimbo, na la pili linaita kukata tamaa. Yote mawili yanafunga mlango wa tiba, kwa sababu mkaidi hapelekwi hospitali, na bubu huonekana kuwa ameumbwa hivyo wala hana la kufanyiwa.

Katika Surat al-Hujurat, aya ya 11, Allah ametukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya ya kupachikana. Aghalabu tunaisoma aya hiyo kama adabu ya mazungumzo. Ni adabu kweli, lakini kwa mtoto mgonjwa ina uzito zaidi ya huo: jina la kupachikwa linaficha maradhi yake. Baada ya watoto kumwita mwenzao Bubu kwa mwaka mzima, hakuna aliyeshangaa tena kwamba hajibu.

Wapo watakaosema kwamba Qur'ani yenyewe inawataja viziwi na mabubu kwa lawama. Tunawakumbusha kuwa aya kama ile ya 18 ya Surat al-Baqara inawazungumzia watu wenye masikio mazima walioukataa ukweli. Huo ni uziwi wa moyo. Kuchukua lawama hiyo na kumtwisha mtoto ambaye ngoma ya sikio lake imetoboka ni kuipeleka aya mahali isipohusika.

Wanachuoni wetu walikuwa waangalifu kuliko sisi. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, aliandika kwa urefu katika kitabu chake Al-Bayan wat-Tabyin juu ya kasoro za matamshi, akizitenga moja moja. Alimtaja Wasil bin Ataa, ambaye hakuweza kutamka herufi ra, naye akajizoeza kuhutubia kwa maneno yasiyo na herufi hiyo. Katika itikadi hatuko pamoja na Wasil, lakini katika juhudi yake lipo funzo. Imamu Nawawi naye, ambaye Minhaj yake inasomeshwa katika vyuo vyetu, alipofika katika mlango wa uimamu alimtenga anayebadili herufi moja kwa nyingine na anayeiingiza herufi ndani ya nyingine pasipostahiki, kisha akawataja kando wanaokariri herufi ta au fa kabla ya kuendelea. Kila mmoja alimpa jina lake na hukumu yake. Wala hakuwakusanya wote chini ya neno moja kama tulivyofanya sisi.

Basi tumeona vyema leo tuwafungulie wasomaji milango minne, ili mzazi ajue mtoto wake yuko katika mlango upi: sikio, sauti, matamshi na lugha. Haya tumeyauliza kwa wahudumu wa afya, na tunayaandika kwa maneno ya nyumbani.

Mlango wa kwanza: sikio

Sikio lina sehemu tatu. Sikio la nje ni lile tunalolipaka maji katika udhu pamoja na tundu lake. Mwisho wa tundu hilo upo utando mwembamba uitwao ngoma ya sikio. Nyuma yake ni sikio la kati, lenye vifupa vitatu vidogo mno vinavyopokezana mtikisiko wa sauti. Ndani zaidi ni sikio la ndani, ambalo umbo lake linafanana na nyumba ya konokono, na humo mtikisiko hugeuzwa kuwa habari inayochukuliwa na neva hadi kwenye ubongo.

Kwa mpango huo, madaktari huugawa uziwi katika aina kuu mbili. Aina ya kwanza ni sauti kuzuiliwa njiani: nta iliyoganda, punje ya mahindi iliyotumbukizwa na mtoto, majimaji nyuma ya ngoma, au ngoma iliyotoboka kwa usaha wa muda mrefu. Aghalabu aina hii hutibika au hupunguzwa. Aina ya pili ni kuharibika kwa sikio la ndani au neva. Hii kwa kawaida hairudi, lakini mhusika husaidiwa kwa vifaa vya kusikia na kwa lugha ya alama. Wapo wenye aina zote mbili kwa pamoja. Tena uziwi una viwango: yupo asiyesikia kabisa, na yupo mwenye usikivu hafifu, anayesikia ngurumo ya radi lakini hasikii tofauti ya sin na shin. Huyu wa pili ndiye anayeambiwa kuwa anasikia anapotaka. Ukweli ni kwamba anasikia anapouona uso wa msemaji.

Sababu za uziwi ni nyingi, na baadhi yake zimo mikononi mwetu. Surua, matumbwitumbwi na homa ya uti wa mgongo huweza kuharibu usikivu wa mtoto. Rubela ikimpata mama mjamzito humdhuru mtoto aliye tumboni, na ndiyo maana chanjo ya surua na rubela haifai kukosa. Manjano makali ya mtoto mchanga nayo ni hatari kwa usikivu wake. Zipo pia dawa ambazo huokoa maisha zikitolewa kwa kipimo na uangalizi, lakini huweza kudhuru sikio la ndani: sindano za jentamaisini na streptomaisini, na kwinini kwa kiwango kikubwa. Hatusemi dawa hizo zikataliwe zinapoandikwa na daktari. Tunasema zisinunuliwe kiholela na kudungwa mtaani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu wa usikivu, na kwamba karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika.

Usaha wa sikio hausababishwi na kuota meno, wala haufai kusubiriwa uache wenyewe. Mara nyingi huanza kwa mafua yanayopanda kutoka kooni hadi sikio la kati. Mtoto mwenye usaha apelekwe zahanati. Huko mama hufundishwa kulikausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa kama utambi, mara kadhaa kwa siku, na hupewa dawa ya matone inayofaa. Kumwagia sikioni mafuta ya taa, maziwa ya mama, mkojo au maji ya majani ni kuongeza madhara. Kuchokonoa kwa njiti ya kiberiti au unyoya ni hivyo hivyo. Watoto wetu wanapenda kuogelea mitoni. Mwenye ngoma iliyotoboka asipige mbizi. Na mwenye kuogopea udhu wake ajue kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii kupaka masikio ni sunna. Akiambiwa na tabibu asilowanishe sikio, audhu wake ni sahihi bila ya kulipaka.

Mlango wa pili: sauti

Sauti hutoka katika zoloto, mbele ya koo, ambamo zimo nyuzi mbili za sauti zinazokutana na kutikisika hewa inapopita. Maradhi ya mlango huu humfanya mtu apwelewe na sauti, ikakwaruza, ikakatika au ikapotea, ilhali masikio yake ni mazima na maneno yake ni sahihi.

Wanaoumia zaidi ni wale wanaokula kwa koo: walimu, wauza mnadani, na sisi watu wa msikitini tunaoadhini na kusomesha watoto arobaini kwa kupiga kelele. Nyuzi zikitumiwa kwa nguvu kila siku huota vinundu. Dawa yake ya kwanza ni kuzipumzisha, kunywa maji ya kutosha, na kuachana na moshi wa sigara. Kunong'ona kwa kulazimisha si kupumzisha, kwani nako huchosha koo. Lakini sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu bila ya mafua, hasa kwa mtu mzima anayevuta sigara, isitibiwe kwa tangawizi na asali peke yake. Aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu saratani ya zoloto huanza hivyo hivyo, na ikiwahiwa hutibika. Na mtoto anayepumua kwa mlio huku sauti ikififia apelekwe siku hiyo hiyo.

Hapa pia tuonye juu ya kukata kimeo. Bado wapo wazee wanaoamini kuwa kikohozi kisichoisha au kuchelewa kusema hutokana na kimeo kirefu, na wanakikata kwa wembe au kisu. Watoto wamevuja damu na kuambukizwa maradhi kwa ajili ya kitendo hicho, nacho hakiwafundishi kusema.

Mlango wa tatu: matamshi

Katika mlango huu mtoto anasikia na sauti anayo, lakini herufi hazitoki ipasavyo. Mwenye kithembe hutamka sin kama tha. Mwenye kitata huchanganya herufi kadhaa, na kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu hilo ni la kawaida, wala halihitaji zaidi ya kumrudishia neno kwa upole na usahihi. Aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa husemea puani, naye hufanyiwa upasuaji, tena ni vyema uwe mapema.

Wengine huzaliwa na kano fupi chini ya ulimi, ambayo watu huiita udata. Ni mara chache kano hiyo kumzuia mtoto kusema. Tunalisisitiza hili kwa sababu wembe hupitishwa chini ya ulimi wa mtoto ambaye tatizo lake liko sikioni. Hapo utaona namna jina lisilo sahihi linavyoweza kumwaga damu bila ya faida yoyote.

Kisha kipo kigugumizi. Kwa kawaida huanza kati ya miaka miwili na mitano, na wengi wa watoto hao huacha wenyewe. Kigugumizi hakitokani na woga wala upungufu wa akili. Kumwambia mtoto "sema haraka" au kummalizia neno lake humzidishia. Mtazame, msubiri, na umjibu lile alilolisema bila ya kujali namna alivyolisema. Kikiendelea na kumhuzunisha, wapo wataalamu wa matamshi katika hospitali kubwa.

Tukumbuke kuwa Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipotumwa kwa Firauni alimwomba Mola wake amkunjulie kifua, amfanyie wepesi jambo lake, na amfungue fundo la ulimi wake ili watu wayafahamu maneno yake. Dua hiyo imo katika Surat Taha, na wengi wetu tunaihifadhi kabla ya mitihani. Wachache wanakumbuka kwamba katika Surat az-Zukhruf, aya ya 52, ni Firauni aliyemdharau Musa kwa kutoeleza maneno kwa ufasaha. Anayemcheka mwenye kigugumizi, basi, ajue amesimama upande wa nani katika kisa hicho.

Mlango wa nne: lugha

Mlango huu ndio unaosahauliwa zaidi. Mtu anaweza kuwa na masikio mazima, sauti nzuri na ulimi mwepesi, lakini asiyafahamu maneno au asiweze kuyapanga. Mtoto wa miezi sita hugeukia sauti. Wa mwaka mmoja huwa na neno moja au mawili. Wa miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama "mama maji". Akichelewa sana katika hayo, jambo la kwanza la kupimwa ni usikivu wake. Ukionekana mzima, ndipo hutazamwa mengine, ukiwamo usonji, ambao huambatana na ugumu wa kuwasiliana na kuchangamana na watu. Usonji hausababishwi na malezi ya mama, wala si kazi ya majini.

Watu wazima nao wanaingia katika mlango huu. Mzee aliyepatwa na kiharusi anaweza kuamka akiwa hapati maneno, akasema "kikombe" akikusudia "kanzu", au akanyamaza kabisa. Madaktari huita hali hiyo afasia. Akili yake aghalabu ipo, na huzuni yake ipo pia. Tusizungumze juu ya urithi wake mbele yake kana kwamba hayupo. Tumsemeshe kwa sentensi fupi, tumwoneshe kwa mkono, na tumpe muda. Na mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea na maneno yakavurugika, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Asiyesema kwa ulimi anasema

Tumalizie na lile neno "bubu". Watoto wengi tunaowaita hivyo zoloto zao ni nzima kabisa. Hawasemi kwa sababu hawakusikia, na mtu hujifunza lugha anayoipokea. Jina lao ni viziwi, nao wenyewe wamelichagua, kama kinavyoonesha Chama cha Viziwi Tanzania. Lugha yao ni Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye msamiati na sarufi yake. Haifai kufananishwa na mtu anayejipungia mikono.

Sharia yetu iliwatambua kabla ya sheria za leo. Mafakihi wamekubali kwamba ishara inayofahamika ya asiyeweza kusema husimama mahali pa matamshi yake, katika kuuza na kununua, katika nikahi na katika mengineyo. Basi kiziwi si wa kuozeshwa bila ya kuulizwa, wala si wa kuuziwa shamba lake na ndugu kwa hoja kwamba hasemi.

Katika nchi yetu, Shule ya Viziwi Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Tunalitaja kwa insafu. Kijana wa Kiislamu aliyezaliwa kiziwi amepata kusoma huko na kwingineko, lakini akirudi nyumbani Ijumaa hukaa msikitini akiitazama midomo ya khatibu kwa nusu saa na kutoka kama alivyoingia. Ni madrasa ngapi tunazozifahamu ambazo mwalimu wake anajua kuonesha Fatiha kwa alama? Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikiwapandikizia baadhi ya watoto kifaa maalumu katika sikio la ndani. Ni neema kubwa, lakini ni ya wachache, na kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi hufaa zaidi akiwahiwa akiwa mdogo. Atawahiwaje, ikiwa tunakaa miaka tisa bila ya kuuliza?

Tuliyoyaazimia

Yule kijana alipelekwa kwanza kituo cha afya, kisha akaandikiwa kwenda mjini Morogoro. Mjomba wake aliuza mikungu ya ndizi, kamati ikaongezea nauli, wakateremka kwa njia ya Mkuyuni na Kiroka katika siku za mvua. Daktari alikuta ngoma za masikio yote mawili zimetoboka, la kulia zaidi. Matone na kukausha vilimaliza usaha baada ya wiki kadhaa. Usikivu ulirudi kwa sehemu tu. Huenda siku za usoni akahitaji upasuaji wa kuziba ngoma, na hilo tunaliombea na kuliwekea akiba.

Kamati nayo iliketi na kuazimia mambo manne, nasi tunayapendekeza kwa misikiti mingine. Kwanza, mtoto anapoandikishwa madrasa mzazi aulizwe kama anasikia vizuri, kama masikio yamewahi kutoa usaha, kama alichelewa kusema, na kama alipata kuugua homa kali ya kulazwa. Pili, mtoto asiyeitika aitwe kwa nyuma kwa sauti ya kawaida kabla ya kuhesabiwa mkaidi, na akionekana hasikii akae safu ya mbele uso kwa uso na mwalimu. Tatu, hakuna jina la kupachika ndani ya madrasa, na mwalimu anayelisikia akanyamaza atahesabiwa amelitamka. Nne, spika za maulidi na harusi zisielekezwe karibu na vichwa vya watoto, kwani kelele kubwa nazo huua usikivu polepole.

Ustadh aliyempiga alikwenda kwa bibi, akaomba radhi mbele ya mjomba. Bibi alisamehe, kisha naye akalia, akisema aliyekosa zaidi ni yeye. Hatukukubaliana naye. Lawama ile ni ya jamaa nzima, na jamaa nzima ina wajibu wa kuiondoa.

Sasa kijana anakaa mbele, mkono wa kulia wa mwalimu. Juma lililopita alisoma Surat al-Fil mpaka mwisho. Sin yake bado inaelekea kwenye shin, na hakuna aliyecheka. Mwaka aliopotezewa hatuwezi kumrudishia. Tunachoweza ni kuwaomba ninyi, wapenzi wasomaji, leo baada ya Magharibi, simameni nyuma ya kila mtoto wa nyumba yenu mumwite kwa sauti ya chini.

Ewe Mola wetu, uliyetutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui lolote, ukatupa masikio, macho na nyoyo, utuwezeshe kukushukuru kwa kuwatunza uliowajaalia mikononi mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.